Hodi Kwenye Kilima cha Chokaa

Haya sikuyasikia kwenye baraza. Yalimpata Murshid, mtoto wa mama yangu mdogo, na mimi nilikuwepo, nimevaa suruali ya mazoezi iliyonibana kiasi kwamba kabla ya kuinama kufunga kamba za viatu nilisoma dua.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, Xiaobei, mtaa wetu wa Guangzhou, inanuka maboksi mabichi na nyama ya kondoo ya wale jamaa wa kona. Mimi nauza viatu. Nimezunguka dunia mpaka pasipoti imechoka, nimelala kwenye viwanja vya ndege vya nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani, lakini kupanda kilima kwa hiari yangu, bila kufukuzwa na mtu, sikuwahi. Murshid ndiye aliyenitia kwenye balaa hilo. Sukari ilimpanda, daktari akamwambia atembee, na mkewe Shifa akanipigia simu.

"Shem, nenda naye. Akienda peke yake atakaa kituo cha metro anywe soda mpaka jioni, halafu arudi ananiambia amechoka kutembea."

"Na mimi nikifia huko?"

"Wewe huna sukari, shem. Una kitambi tu."

Kulikuwa na binti mmoja wa Moshi, Sia, anayesomea misitu chuo kikuu hapa Guangzhou. Alikuwa ameanzisha kikundi cha matembezi mepesi kwa Watanzania wanaoujua mji huu kwa maghala yake tu. Wiki ile watu walipata udhuru mmoja mmoja, tukabaki watatu: Sia, Murshid na mimi. Sia alituahidi vilima vya chokaa kaskazini ya mji, na nyuma ya kijiji kimoja msitu wa kale ambao haujawahi kuguswa na shoka.

"Njia laini kabisa, anko," aliniambia. "Mabibi wa miaka themanini wanaipanda na vikapu mgongoni."

Sikujua kwamba mabibi wa huku na mimi hatukuumbwa siku moja.

Murshid hakuwa na viatu vya kutembelea, nikampa jozi moja ya sampo, viatu vya mfano kutoka kiwandani. Kiwandani walikuwa wamekosea. Soli ina mishale midogo ya kushika ardhi. Ya kulia inatazama mbele, ya kushoto waliigeuza ikatazama nyuma. Nilimkatalia yule laobani, bosi wa kiwanda, akaharibu kalibu na kutengeneza nyingine. Jozi ile ikabaki yatima duniani.

"Sasa hata ukipotea," nilimwambia Murshid, "polisi watasema mguu mmoja umekwenda na mwingine umerudi."

Akacheka sana. Alikuwa na kicheko cha mtu wa Tanga, kile kinachoanza kabla utani haujaisha.

Tukapanda metro, tukapanda basi, tukashuka penye kijiji kidogo. Na kweli njia ilikuwa nzuri. Vilima vyeupe vimevaa majani kichwani, njia yenyewe vumbi la chokaa, laini kama unga wa muhogo. Vipepeo. Maji yanachuruzika mahali. Nikaanza kujilaumu kwa miaka yote niliyoimalizia kwenye lifti za maghala. Murshid alitembea mbele anaimba. Kila akisimama anampigia mkewe picha za maua, ananiambia, "Bi Harusi wangu angeyapenda haya." Wana miaka ishirini na mbili ya ndoa, na bado anamwita Bi Harusi. Wakiwa peke yao, au mbele yangu tu, maana mimi hesabu yangu ni kama kabati.

Kisha tukaingia msituni.

Msitu ule haukuwa mkubwa. Ulikuwa mzee. Miti ya kafuri minene kuliko chumba changu, mizizi imekumbatia mawe meupe. Ndege waliokuwa wakitusindikiza walibaki nje. Sia mwenyewe, ambaye alikuwa haishiwi maelezo, alianza kunong'ona.

Chini ya ukuta wa chokaa, kwenye kivuli, kulikuwa na mitungi. Safu moja. Mitungi ya udongo wa kahawia yenye mng'aro, kimo cha goti, kila mmoja na mfuniko wake.

Hapa lazima nikueleze biashara ya ndugu yangu. Murshid anauza vyombo: sahani, mabirika, mitungi ya maua. Na mtu wa vyombo hakiamini chombo kwa macho. Anakigonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, anatega sikio. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinanung'unika. Murshid aligonga kila kitu. Mabakuli ya hotelini. Vyoo vya watu. Siku ya harusi yangu aligonga bakuli la pilau mbele ya shehe.

Akachuchumaa mbele ya mtungi wa katikati. "Kaka, tazama kazi hii. Huu si wa kiwanda."

Akaugonga. Ko, ko, ko.

Haukulia. Haukunung'unika. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtungi. Ilikuwa ya mlango.

Tukatazamana. Murshid akacheka, na kwa kuwa alilelewa vizuri, na kwa kuwa mtoto wa pwani akigonga kitu chenye sauti ya mlango mdomo wake unamalizia wenyewe, akasema, "Hodi! Wenyewe mpo?"

Nikacheka na mimi. Sia hakucheka. Alikuwa ametazama majani ya juu. Yaliacha kutikisika.

"Tushuke," alinong'ona.

Kijijini bibi mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa anaanua mboga alizozianika. Alipomwona Murshid aliacha. Akaja, akamshika mkono wa kulia, akautazama. Kifundo cha kidole kilikuwa cheupe kwa chokaa. Akakifuta kwa aproni yake. Hakikufutika.

Akasema neno. Sia akatafsiri.

"Anauliza, umemgongea nani?"

"Mwambie nilikuwa napima ubora," akasema Murshid.

Bibi hakuona utani. Alizungumza kwa muda, taratibu, na Sia akatueleza tukiwa tayari tunaelekea kituoni. Huku, mtu akizikwa, baada ya miaka jamaa zake humfukua, wakaiosha mifupa yake, wakaipanga ndani ya mtungi kama mtu aliyeketi, wakampandisha kilimani. Kila mwaka wanakuja kumwamkia. Lakini safu ile haikuwa na wa kuiamkia tena. Wajukuu walihamia ng'ambo wakasahau njia. Hakuna aliyewagongea tangu bibi mwenyewe akiwa msichana.

"Astaghfirullah," alisema Murshid. "Nimebisha hodi kaburini."

"Usijali," nikamwambia. "Hawajui Kiswahili."

Nilijiona mjanja sana.

Kesho yake nilikuwa kwao Xiaobei, ghorofa ya juu, tunakula wali wa nazi wa Shifa. Mchana kweupe, jua dirishani, watu wanagombana bei huko chini. Mlango ukagongwa.

Ko, ko, ko.

"Karibu!" akaitikia Murshid, mdomo umejaa wali.

Hakuingia mtu. Nikaenda kuchungulia. Ukumbi mtupu kuanzia lifti mpaka dirishani. Nikarudi nikamwambia ni watoto wa jirani. Shifa alikuwa anatazama zulia la mlangoni, upande wa ndani.

Lilikuwa na unga mweupe.

Siku zilizofuata ukagongwa mlango wa chumba cha kulala. Mlango wa nje umefungwa, wao wawili wako ndani ya chumba, na mtu anagonga kutokea sebuleni. Kwa adabu. Anagonga, anasubiri. Anagonga, anasubiri. Mara ya tatu, kimya. Ndivyo tunavyofanya sisi. Mashetani ya kwetu yanafanya kazi usiku, unajua pa kuyakwepa; huyu alikuwa na saa za ofisi na tabia ya mtu aliyesoma madrasa.

"Anaiga tulivyofanya sisi," Shifa aliniambia kwa sauti ya chini. "Mume wangu alimbishia hodi, na yeye anabisha. Alimjibu karibu, akaingia. Hatujibu tena, shem. Mlango wowote ukigongwa humu, kimya."

Kwa Murshid kanuni hiyo ilikuwa mateso. Alifunga mdomo kwa mkono mlango ukigongwa. Nilimwona nikadhani anatania. Macho yake hayakutania.

Na alianza kukonda. Mwanzoni tulishukuru, tukasema ni matembezi. Kisha ikawa baridi, anavaa sweta Guangzhou mwezi wa saba, joto la kuyeyusha mtu. Sauti yake ilipata mwangwi kidogo, kama anaongea kutoka bafuni.

Alasiri moja Shifa akaniita. Murshid alikuwa amelala kwenye kochi, kifudifudi. Shifa akaweka kidole mdomoni.

Tukasikiliza.

Ko, ko, ko.

Haikutoka mlangoni. Haikutoka ukutani.

"Mguse mgongo," alinong'ona Shifa.

Sikutaka. Nikamgusa. Kitu kilikuwa kinagonga chini ya kiganja changu, kutoka ndani yake, taratibu, kama mnunuzi anayepima chombo. Nikakunja kidole. Sijui kwa nini. Nikamgonga ndugu yangu mgongoni, hivi, kwa kifundo.

Akalia kama kengele.

Chombo kizima. Kitupu.

Shifa hakulia. Shifa ana tabia ya kukasirika mahali ambapo wengine wanalia. "Nisikilize," alisema. "Mlikwenda kwa watu, mkabisha hodi, mkaondoka bila kusubiri na bila kuaga. Nani aliwafunza hivyo? Mama zenu hawakuwafunza hivyo. Mrudishe akaage. Aseme samahani, aseme kwaheri, basi. Namtaka mume wangu, shem. Niletee mume wangu."

Sia alikubali kutupeleka. Njia ilikuwa ile ile, laini, lakini mvua ilikuwa imenyesha na chokaa imekuwa uji. Murshid alitembea katikati yetu. Mkono wake haukuwa na uzito. Hakuimba.

"Kaka," aliniambia tulipofika kwenye miti ya kwanza, "ikitokea jambo, mwambie Bi Harusi..."

"Utamwambia mwenyewe. Mimi si posta."

Akatabasamu. Namshukuru Mungu kwa tabasamu lile.

Msituni kulikuwa kimya. Mitungi ilikuwa palepale, imelowa, inang'aa. Murshid akausogelea ule wa katikati. Akasimama. Kisha akafanya kitu ambacho sote tungefanya tukifika kwa watu, kitu ambacho sikukiona kuwa kitu.

Alivua viatu.

Akavipanga vizuri, ncha zinatazama mtungi. Akapiga magoti kwenye tope. "Samahani, wenyewe," alisema. "Nilikuja bila kujua. Naaga. Kwaherini."

Tukasubiri.

Majani hayakutikisika. Sikusikia chochote. Sia hakusikia chochote. Lakini Murshid aliinua kichwa, kama mtu aliyeitwa kwa upole kutoka chumba cha ndani. Uso wake ukawa wa mgeni anayeona haya kukataa.

"Ahsante," alisema.

Ikawa kama amesinzia. Kidogo tu. Kisha akasimama, akageuka, akaanza kushuka. Peku. Juu ya kokoto za chokaa zenye ncha, bila kuchechemea, bila kutazama chini.

"Viatu!" Sia alisema.

"Viache!"

Nikamshika Sia mkono, tukamfuata Murshid. Hatukuwa tumefika mbali nyuma yetu kulipoanza kugongwa.

Haikuwa ile ya adabu. Ko ko ko ko ko ko. Bila kusubiri. Bila kupumzika. Udongo unagongwa kutokea ndani. Ulikuwa ugongaji wa mtu aliyefungiwa.

Na mimi nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Nilimwambia Sia, "Umesikia? Kimebaki huko. Kigonge mpaka kichoke."

Tulipomfikia Murshid nilimpiga kofi la mgongo kwa furaha. Mgongo haukulia. Ulikuwa umejaa.

Akapona, kwa macho ya watu. Sukari ikashuka, mashavu yakarudi, vyakula vyote anakula. Hakukugongwa tena. Walifunga mizigo wakarudi Tanga, nikawasindikiza uwanja wa ndege, nikarudi kwenye viatu vyangu. Shifa alikuwa akinitumia sauti kwenye simu mara kwa mara, na kwa muda zilikuwa za shukrani. Kisha zikawa fupi. Murshid hagongi tena vyombo dukani, wateja wanashangaa. Murshid havai viatu. Murshid anacheka utani ukishaisha, anawatazama watu kwanza. Katikati ya vidole vya miguu yake kuna unga mweupe, anaoga haukomi.

Ya mwisho aliituma ananong'ona. Nyuma yake nilisikia kijiko kwenye sahani.

"Shem. Mchana huu tuko mezani. Anakula, yuko mbele yangu. Mlango ukagongwa. Mtu akabisha hodi. Sauti ya Murshid, shem. Sauti yake ya zamani, imechoka. Nikamtazama huyu wa mezani. Hakuacha kutafuna. Akaniambia, usijibu, si tulikubaliana? Nikafunga mdomo. Ikabishwa mara ya pili. Ya tatu akasema..." Hapo akashusha sauti zaidi. "Akasema, hodi, Bi Harusi. Huyu hajaniita hivyo tangu mshuke naye kilimani. Sikujibu, shem. Nilimwogopa huyu. Sikujibu. Yule wa mlangoni akaondoka."

Akaniambatishia picha. Kizingiti cha nyumba yao, sakafu nyekundu ya saruji, nyayo za viatu kwa vumbi jeupe. Zimekuja mpaka mlangoni. Zimesimama. Zimegeuka. Niliivuta picha kwa vidole mpaka ikakaribia kupasuka, ingawa sikuwa na haja. Soli ile naijua mimi kuliko yeyote duniani. Ya kulia mishale inatazama mbele. Ya kushoto inatazama nyuma.

Hapo ndipo nikaelewa, nimekaa kwenye ghala langu katikati ya maboksi. Mtu anayeaga havui viatu. Anayevua viatu anaingia.

Tulimwacha ndani. Tukashuka na mwingine.

Shifa aliniuliza, akigonga tena ajibu? Nikamwambia ajibu, apige kelele, afungue milango yote na madirisha. Amehamia kwa dada yake sasa, lakini kila mchana anarudi kukaa kibarazani, anasubiri. Ndugu yangu hajagonga tena. Murshid ana adabu. Kwetu ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, unaondoka, husumbui watu.

Kwa hiyo mimi huku Xiaobei, mlango wangu ukigongwa, ninaitikia. Wenye vifurushi, wasoma mita, mlevi wa ghorofa ya pili, wote nawapigia "Karibu!" kwa sauti ya harusi. Majirani wameshaamua nina kichaa, na kwa umbo langu wamenisamehe.

Jana mchana ukagongwa. Ko, ko, ko. Nilikuwa jikoni naosha mchele.

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani, ndugu yangu. Karibu sana."

Mlango haukufunguka. Nilikausha mikono, nikaenda kuchungulia ukumbini. Mtupu.

Chini, kando ya zulia langu, kulikuwa na jozi ya viatu vyenye tope jeupe lililokauka. Vimepangwa vizuri, sambamba, ncha zinatazama ndani.

Nimeviacha palepale. Nimepika wali wa watu wawili, nimepakua sahani mbili. Sijagonga chochote, wala sijageuka nyuma, maana mtungi ule haukuwa peke yake kwenye safu, na viatu anaweza kuvivaa yeyote.

Lakini nimesikia kiti cha pili kikivutwa. Sikukivuta mimi. Na sahani ya upande ule imegongwa kwa kifundo cha kidole, polepole, mtu anasikiliza inavyolia.